Naombaje tena baada ya kumzika mwanangu?

Mama wa Igoma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnivumilie, ni ndefu, na naandika kwa simu usiku wenzangu wamelala, nikikosea mahali mnisamehe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nasema wawili bado, sijazoea kusema mmoja. Wa kwanza alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua akiwa na miezi 11, vidole vya mikono na miguu vilivimba vikawa kama vitumbua, ukimgusa tu analia, kwanza tukaambiwa ni malaria tukapewa dawa, ikarudi, tukapewa tena, mpaka dokta mmoja akasema huyu apimwe damu vizuri ndo ikaonekana SS, yaani anaumwa sikoseli yenyewe. Kumbe mimi na mume wangu wote ni AS, yaani tumeibeba kwenye damu bila kuumwa, na hatukuwa tunajua, nani alikuwa anapima hayo mambo wakati wa uchumba, sisi tulipima HIV basi tukafunga ndoa.

Miaka 8 tumeishi nayo. Anayeijua anaijua. Vidonge vya foliki vya damu kila siku, zile dawa za penisilini za kuzuia maambukizi mpaka alipofika miaka mitano, baadae haidroksiyurea ya kupunguza mashambulizi, maji anywe mengi, na sweta hata kama Mwanza kuna joto maana jioni upepo wa ziwa ukimpiga usiku hatulali. Alikuwa na chupa yake ya maji ya kijani, ameiandika jina kwa peni, anaenda nayo kila mahali hata kanisani. Maumivu yakianza alikuwa haombi sala ndefu, anasema "Yesu, miguu." Basi, maneno mawili. Mimi namsugua yeye anarudia Yesu miguu, Yesu miguu, mpaka usingizi unamchukua.

Na tuliomba jamani. Tulifunga siku 21 mara tatu, tukafunga kavu, mikesha ya Ijumaa sikukosa, mikutano ya injili viwanjani tulimbeba mgongoni, amewekewa mikono, amepakwa mafuta, maji amekunywa. Mbegu, yaani sadaka ya imani, tulipanda tukiwa na kodi ya nyumba haijalipwa. Kuna mtumishi mmoja simtaji alituambia dawa ni ishara ya mashaka, tukaacha wiki mbili, hata hiyo ya pili haijaisha mtoto akalazwa, tukarudi kwenye dawa na hatukuziacha tena, ila hizo wiki mbili zinanitafuna mpaka leo.

Masika ya mwaka huu, mwezi wa nne, akaanza homa na kifua, siku ya tatu yuko kwenye oksijeni. Kanisani wakaitisha mkesha kwa ajili yake. Ilikuwa Jumatano usiku, mimi niko wodini, simu nimeifunga kwenye kitenge, saa nane usiku ikaingia meseji kwenye grupu kwamba kuna mtu kaonyeshwa, anasema "naona kitanda kitupu, mtoto ametoka wodini." Watu wakajaza amina, amina, amina mpaka simu ikawa inatetemeka. Nililia kwa furaha nikamwonyesha na nesi. Saa kumi na moja alfajiri mwanangu akakata roho. Na kitanda kweli kikawa kitupu. Walibadilisha shuka nimesimama palepale.

Sasa ni miezi mitano. Msibani nimekaa kwenye mkeka mmoja wa wamama wa maombi akaniinamia sikioni akasema labda kuna mlango tuliuacha wazi adui akaingia. Sijamchukia, ila kila nikitaka kuomba naisikia hiyo sauti. Mume wangu anaenda kanisani, anaimba kwaya, anaonekana imara, mimi namwangalia naona kama tumefiwa na watoto tofauti. Na mimi naenda. Nakaa. Nyimbo zikianza mdomo unafunguka sauti haitoki. Sijaacha kuamini kuwa Mungu yupo, tena shida yangu ni hiyo hasa, angekuwa hayupo ningejua sina wa kumuuliza.

Kilichonifanya niandike leo ni mdogo wake, ana miaka minne. Kila usiku kabla ya kulala anasema sala aliyoikariri tangu anajifunza kuongea, "Yesu asante kwa chakula, mlinde baba, mlinde mama, mponye kaka, amina." Msibani alikuwepo, kaburini alikuwepo akatupa na udongo kwa mkono wake, lakini sala haijabadilika. Mponye kaka. Mimi nazima taa natoka nje nakaa kwenye ndoo mpaka nitulie.

Nimkataze? Nimwambie nini? Na mimi mwenyewe naanzaje tena, maana nikipiga magoti sijui naomba nini, lile moja nililoliomba miaka yote minane limeenda hivo. Msinitumie mistari tu jamani, mistari ninayo.

Binti Sayuni

Pole sana mpendwa, nimesoma nimelia. Ila nataka nikutie moyo, Mungu wetu hakosei, bustani yake ya mbinguni ilihitaji ua zuri ndo akachuma la kwako. Yeye ana makusudi katika kila jambo. Usikubali kumhoji Mungu kwa sababu hapo ndo adui anapoingilia, wewe anza kusifu hata kama hujisikii, sifa zinavunja kila kifungo. Mtoto muache aendelee kuomba, atazoea tu.

Mama wa Igoma

Asante dada, najua unanitakia mema. Hilo la ua nimeambiwa mpaka nimeacha kuhesabu, na kila nikiambiwa nikibaki peke yangu najiuliza bustani yake ilipungukiwa nini mpaka aje kwangu mimi mwenye maua mawili. Sisemi kwa kukufuru, nasema ndo linalonijia.

Nesi wa zamu ya usiku

Mama, mimi ni nesi wodi ya watoto, mkoa tofauti na wako, na watoto wa sikoseli ni wengi sana kwetu. Nataka niongelee hizo wiki mbili kwanza kwa sababu naona ndo msumari wenyewe.

Mwanao sikumuona kwa hiyo siwezi kuongea kama daktari wake. Lakini kwa unavyoeleza mlipoacha dawa alilazwa akapona akarudi nyumbani, mkaendelea na dawa mpaka mwisho. Kilichokuja masika hii ni kingine. Zile chembe za damu zilizojikunja kama mundu zinaziba mishipa midogo ya mapafu, mara nyingi pamoja na maambukizi, homa inapanda, kifua kinauma, pumzi inakata, na tatizo hili linaweza kumpata hata mtoto ambaye hajawahi kuruka kidonge hata kimoja. Dawa inapunguza hayo mashambulizi, haiyafuti. Nimeshapokea watoto ambao wazazi wao wana daftari la kuandika kila kidonge na saa yake na tukawapoteza. Hizo wiki mbili ziweke chini mama. Na aliyewaambia muache dawa alikosea, tena wengine mnaosoma hapa mkiambiwa hivo ombeni na dawa mkononi, mtoto asikatishwe.

Pili huo mlango. Jamani hili linaniuma kwa sababu nalisikia wodini kila wiki. Sikoseli si laana ya ukoo wala si mlango. Mtoto amechukua kipande kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na wazazi wote wakiwa AS basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, kila mimba upya, haijali nani anafunga na nani hafungi. Na hiyo AS imejaa huku kwetu, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya malaria, mwenye AS malaria kali haimuui kirahisi ndo maana mababu waliokuwa nayo waliishi wakazaa. Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu. Wazazi wa watoto 11,000 wote waliacha mlango wazi? Mwambie huyo mama aje wodini kwetu siku moja atuoneshe huo mlango.

La mwisho nataka nikuambie la shuka, samahani kama nitakuumiza. Nimebadilisha hizo shuka mara nyingi. Tunafanya haraka, watu wanatuona tuna roho ngumu. Mimi huwa nakunja shuka nashikilia kona zake kwa nguvu ili mama asione mikono inavyotetemeka, nikimaliza naenda kule kwenye chumba cha kuoshea vyombo nafungua bomba lipige kelele ndo nalia. Halafu narudi kwa sababu kuna mtoto mwingine dripu yake imeisha. Sijui maombi yenu yalienda wapi usiku ule. Ila najua hukuwa peke yako pale kitandani.

Na mimi baada ya kusoma hiyo "Yesu, miguu" nimeiomba zamu yote ya jana, nabadilisha tu, Yesu kifua, Yesu tumbo, kitanda hadi kitanda.

Fundi wa Mbagala

Nilitaka nipite kimya maana mimi siyo mtu sahihi wa kujibu hapa. Mke wangu alifariki kwenye uzazi miaka sita iliyopita, mtoto akabaki. Nilikuwa shemasi mimi, siyo mtu wa pembeni. Baada ya arobaini nikaenda Jumapili moja, mhubiri akatoa ushuhuda wa mtu ambaye gari lilipinduka wote wakafa akatoka yeye tu mzima, akasema Mungu anawajua walio wake. Nikanyanyuka. Sijarudi mpaka leo.

Sikuambii utoke. Nakuambia usikubali mtu akuharakishe. Mimi walinijia wiki ya pili wakaniambia nikaze moyo nisimame kwenye zamu, nikakaza kweli, umekaza mpaka sasa hivi haufunguki. Na hilo la mumeo kuimba kwaya usilichukulie vibaya, wanaume wengine tunaimba kwa sababu tukinyamaza tutapiga kelele. Muulize tu usiku mmoja taratibu, usimuulize kuhusu imani, muulize anamkumbuka mtoto saa ngapi.

Binti yangu huwa anaenda kanisani na shangazi yake. Akirudi ananisimulia walichofundishwa, namsikiliza mpaka mwisho. Hapo ndo nilipofika mimi.

Mzee wa Bukoba

Mwanangu, pole. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, umri umeenda, haya maandishi ananisaidia mjukuu, mimi nasema yeye anachapa.

Umesema usitumiwe mistari, na mimi sitakutumia ila nitakusimulia, mistari ikija katikati ujue imekuja yenyewe.

Kagera ndiko UKIMWI ulikoonekana kwanza hapa nchini, mwaka 1983. Sisi tuliuita Juliana. Kati ya 1987 na 1995 nimezika ndugu zangu wanne wa tumbo moja na wake zao wawili, wote tumewalaza kwenye kibanja cha baba kati ya migomba. Kulikuwa na wiki ambazo mafundi wa majeneza wanagonga misumari mpaka usiku, ukiamka ukasikia kimya unashangaa. Na mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi. Niliomba kwa sauti kubwa, nikafunga, nikaomba na wengine, nikamwambia Mungu tupe dawa. Dawa ikaja mwanangu. Mwaka 2004 serikali ikaanza kuzitoa bure, watu wale wale waliokuwa wanabebwa kwa machela nikawaona wanalima. Nikafurahi nao kweli. Halafu nikaenda kibanjani nikakaa kwenye makaburi nikamwambia Mungu, umechelewa. Nilisema hivyo hivyo, umechelewa.

Nilidhani nimetenda dhambi. Baadae nikaona Martha na Mariamu wote wawili kila mmoja kwa wakati wake walimwambia Bwana neno lile lile, kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Maana yake walikuwa wameliongea wao kwa wao zile siku nne, umechelewa. Na yeye hakumkemea hata mmoja. Alilia machozi. Najua utaniambia Lazaro alifufuliwa na wangu hakufufuliwa. Kweli. Lakini Lazaro naye alikuja kufa tena, na safari hiyo hakuna aliyekuja kuondoa jiwe, walizika kama sisi tunavyozika wakarudi nyumbani.

Umeuliza unaanzaje. Mimi miaka miwili sikuomba kwa maneno yangu, yalikuwa hayapo. Nilisoma zaburi kwa sauti ndogo, maneno ya watu wengine waliokuwa na uchungu kabla yangu. Na humo usiende kwenye zile za shangwe kwanza. Nenda ya 13 inayoanza hata lini, nenda ya 88. Hiyo ya 88 inaanza na kilio inaisha na giza, haina asante wala haleluya mwishoni, nayo imo ndani ya Biblia, watu wa Mungu waliiimba hekaluni. Siku mtu akikuambia kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani muoneshe hiyo. Mtu asiye na imani hamlalamikii mtu asiyekuwepo. Wewe mwenyewe umeshasema.

Rafiki za Ayubu, wale watatu, siku saba za kwanza walikaa naye chini kwenye udongo wasiseme neno, na mimi kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya, walipofungua mdomo wakaanza habari za mlango ulioachwa wazi. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, Ayubu aliyelalamika sura nzima nzima ndiye akaambiwa amesema yaliyo sawa, na wao wakaambiwa waende kwake awaombee. Kwa hiyo huyo mama wa maombi siku moja atahitaji wewe umwombee. Siyo leo.

Kanisani nenda ila kaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nyimbo zikianza usilazimishe mdomo. Waache wengine waimbe, wewe sikiliza, imani siku nyingine inabebwa na jirani kama maji, wewe ukipata nguvu utambebea mwingine. Mimi nilibebwa na bibi mmoja ambaye hakujua hata kusoma, alikuwa anakaa pembeni yangu tu na ananiwekea mkono kwenye goti wakati wa sala ya Baba Yetu.

Sasa mtoto. Usimkataze. Lakini mwambie wazi wazi kaka amekufa, asije akawa anadhani amelazwa mahali mnamficha, watoto wanaogopa wanachofichwa kuliko wanachoambiwa. Ukishamwambia, akiendelea kusema mponye kaka, muache, kwa sababu hajakosea. Sisi kila Jumapili tunasimama tunaungama kwamba tunaamini ufufuo wa miili. Nimeungama hayo miaka yote na watu wengi wanayasema kama wanasoma risiti. Miili, mwanangu. Siyo roho tu inayoelea. Miguu ile ile iliyokuwa inauma. Tunapoungama hivyo tunaomba nini kama siyo mponye kaka? Mtoto wako ndiye amebaki anaomba kile ambacho kanisa zima linasema linakiamini. Mimi mpaka leo nawaombea hivyo ndugu zangu wanne na sioni kwamba sala yangu ya 1987 imefungwa.

Mjukuu anasema nimekuwa mrefu.

Fundi wa Mbagala

Mzee shikamoo. Hilo la ufufuo sijui kama bado ninalo moyoni. Ila natamani iwe hivyo, kwa mke wangu natamani sana.

Mzee wa Bukoba

Marahaba mwanangu. Hata hiyo tamaa usiidharau. Itunze.

Dada wa Iringa

Mimi nimeolewa mwaka wa 11 huu sijashika mimba, vipimo vyote tumefanya wote wawili wanasema hatuna tatizo. Siyo sawa na msiba wako dada yangu, silinganishi, nataka tu nikupe kitu kilichonisaidia mimi nilipokuwa nimekasirika.

Kinachoniumizaga ni shuhuda za wengine. Mtu anasimama mbele na mtoto mikononi anasema mimi niliomba mwaka mmoja tu Mungu akasikia, mimi nimekaa pale napiga makofi najiuliza ina maana mimi hanisikii. Sasa siku moja nikawa nasoma Matendo 12. Wote tunaijua kwa sababu ya Petro, minyororo ikaanguka, malaika, mlango wa chuma ukafunguka wenyewe, kwaya zote zinaiimba. Lakini ukianza mwanzo wa sura, mstari wa 2, Herode akamuua Yakobo ndugu wa Yohana kwa upanga. Mstari mmoja. Hakuna malaika. Wiki zile zile, gereza pengine lile lile, kanisa ni lile lile, na sidhani kama walimwombea Petro wakamwacha Yakobo.

Nikamfikiria mama yake Yakobo. Huyu ndiye yule mke wa Zebedayo aliyekwenda kumpigia Yesu magoti akamwomba wanangu hawa wawili mmoja akae kuume mmoja kushoto, akina mama tunamcheka ila kila mama angeomba hivyo. Na msalabani alikuwepo amesimama na wenzake wanaangalia kwa mbali. Sasa huyo mama siku Petro ametoka gerezani, watu wanashangilia, wewe unafikiri yeye alijisikiaje? Biblia haisemi kitu. Siku ile nililia kwa ajili yake mpaka nikasahau nilikuwa nalia ya kwangu. Nikajua kwenye lile kanisa la kwanza kabisa, lenye mitume wenyewe, alikuwepo mama ambaye maombi yake hayakwenda alivyoomba, na hakuna aliyeandika kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Sijapata jibu la kwa nini. Nimepata mwenzangu. Kwenye ibada za shuhuda sa hizi nikikaa najua kuna watu wa mstari wa pili ndani ya jengo, na huwa nawatafuta kwa macho, unawajua tu wanavyopiga makofi.

Siku ukitaka mtu wa kukaa nae bila kuongea, mwaka ujao nina safari ya Mwanza, nakuja nakaa.

Binti Sayuni

Mama wa Igoma nimerudi. Niliposoma ulivyonijibu siku ile nilikasirika kidogo niseme ukweli, nikaona nimekutia moyo umenirudishia. Nimekaa na maneno yako wiki nzima. Mimi sijawahi kufiwa na mtu wa karibu, wazazi wangu wote wapo, nilichokuandikia ndo kile huwa nasikia watu wanasema msibani na mimi nikajua ndo kinachotakiwa kusemwa. Nisamehe. Sina kingine cha kusema leo, nimekuja tu kukaa kwenye mkeka.

Mama wa Igoma

Nimewasoma wote, nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nashindwa. Binti Sayuni nimekusamehe dada, wewe umerudi, wengi hawarudi. Kaa hapo.

Nesi Mungu akutunze. Nimesoma ile ya wiki mbili kama mara kumi, jana nikampa mume wangu simu akaisoma akiwa amesimama, akakaa chini. Kumbe na yeye alikuwa nayo. Miezi mitano tunalala kitanda kimoja kila mtu na wiki mbili zake. Nikamuuliza lile swali la fundi, unamkumbuka saa ngapi, akasema saa tatu usiku, saa ya foliki, anasema kila siku ikifika saa tatu mkono wake unakwenda wenyewe juu ya kabati. Wa kwangu pia. Na mdogo wangu anaolewa Desemba, nimempigia nimemwambia wapime wote wawili kabla hawajapeleka chochote kanisani, amesema sawa.

Mzee wangu nimekwenda Jumapili nikakaa benchi la mwisho. Sikuimba. Mama mchungaji alitaka kunifuata aniweke mbele nikamwambia naomba uniache hapa mama, akaniacha. Zaburi ya 88 nimeisoma, sikujua kama imo.

Mtoto nimeongea nae jana. Nilimkalisha kitandani nikamwambia kaka amekufa, hayuko hospitali, hatarudi hapa nyumbani. Akasema najua, tulimfukia. Anasema kama ananikumbusha mimi. Nikamuuliza sasa mbona kila siku unasema Yesu mponye kaka. Akaniangalia, akasema ili akiamka miguu isimuume.

Akalala na ile chupa ya kijani, siku hizi analala nayo. Amina sijaweza kuisema. Nikamfunika, nikazima taa, safari hii sikutoka nje.